Magego ya Isyeto

Tusekile Mwasandube alipoingia ofisini kwa Mganga Mkuu asubuhi ya Jumatatu, alimkuta ameshaweka dole gumba lake kwenye kioo. Upande wa kushoto alama ya kijani ilikuwa inawaka. Upande wa kulia palikuwa patupu, panasubiri dole la pili, na dole hilo lilikuwa lake yeye.

"Funga mlango," Dk. Mwaijande alisema. "Ukishafunga, njoo uweke dole lako hapa, tuokoe watu."

"Wamefika wangapi?"

"Ishirini na tatu. Wawili wameletwa alfajiri. Mmoja mimba imeshatoka."

Tusekile hakukaa. Ilikuwa wiki ya tano tangu wajawazito wa Isyeto waanze kuletwa hospitalini wakiwa wamekakamaa, meno yamebana, macho yamegeukia juu. Mwanzoni madaktari walikiita kifafa cha mimba, kwa kuwa ndicho walichokijua. Lakini presha za wanawake hawa zilikuwa za kawaida, mkojo wao ulikuwa safi, na maabara ilipima damu yao kwa kila sumu iliyomo kwenye orodha yake isione kitu. Wengi walipata nafuu damu yao iliposafishwa kwa mashine. Wakarudi nyumbani. Baada ya wiki moja wakaletwa tena, hali ileile. Watatu walikuwa wameshazikwa.

"Jibu limo vinywani mwao," Mganga Mkuu alisema. "Mji huu una watu wazima elfu arobaini, na kila mmoja ana gego linaloonja kila anachokula. Sisi tumekaa hapa tunabahatisha. Fungua yote, mtambo uyapitie, kesho tutakuwa na jibu."

"Wenyewe hawajakubali."

"Sheria inaruhusu wakati wa dharura. Ndiyo maana ufunguo upo."

"Sheria haikwenda kubisha hodi kwenye milango yao, Daktari. Mimi ndiye niliyekwenda."

Mwaijande alilijua jambo hilo kama alivyolijua kila mtu wa Isyeto. Miaka kumi na miwili nyuma, kipindupindu kilipokuwa kinarudi kila masika, serikali ilileta magego ya kuonja. Lilikuwa jino la kupandikiza, lililokaa mwisho kabisa wa taya, mahali ambapo ulimi haulifikii kirahisi. Watu walilikataa. Walikuwa wamesikia habari za mji mwingine, ambako magego yalifunguliwa kwa ufunguo ili kumtafuta mwizi mmoja wa dawa, na yakatoa siri za watu elfu: nani anameza vidonge gani, nani anazuia mimba mumewe hajui, mchungaji gani anakunywa. Ndoa zilivunjika, walimu wakafukuzwa kazi. Mwishowe watu wa mji ule walikaa vibarazani wakang'oana magego kwa koleo.

Tusekile, wakati huo msichana aliyetoka chuo cha takwimu, alitembea Isyeto nyumba kwa nyumba kwa miezi minne. Aliwaonyesha kisahani chembamba cha mpira. Gego lako halitasema neno mpaka wewe mwenyewe uume hapa, aliwaambia, na utakapoachia litanyamaza. Ufunguo wa dharura una madole mawili, na moja ni langu. Watu walimtazama usoni, wakafungua vinywa.

"Waliouma kwa hiari kati ya wagonjwa ni kumi na tisa," alisema sasa. "Nimeyasoma magego yao. Wote wanakula viazi, wote wanakunywa maziwa ya mgando, wote wanakunywa chai. Ukiniuliza mkosaji ni nani, nitakwambia ni chai. Lakini mji mzima unakunywa chai. Kuwasoma wagonjwa peke yao hakutoshi. Nahitaji wazima wa kuwalinganisha nao, wajawazito kama mia hivi. Sihitaji watu elfu arobaini."

"Utawapataje hao mia?"

"Nitawaomba. Nipe mpaka Alhamisi."

"Na atakayekufa kati ya leo na Alhamisi? Nani atakwenda kumwambia mumewe?"

"Nitakwenda mimi," Tusekile alijibu, na mara tu neno lilipomtoka alihisi uzito wake.

* * *

Alikwenda na Mama Ngwitika, mkunga aliyekuwa amewapokea nusu ya watu wa mji ule duniani na ambaye hakuogopa mbwa wa mtu yeyote. Walianza kata ya juu, kwenye mashamba ya viazi, ukungu ukiwa haujaondoka. Mama Ngwitika ndiye aliyepiga hodi; Tusekile ndiye aliyeeleza.

Wapo waliouma bila maswali mengi. Wapo waliofunga mlango. Mwanamke mmoja mwenye duka la mbolea aliuliza kama ni kweli hospitali imeshindwa kazi, kisha akauma kwa nguvu hadi kisahani kikabaki na alama za meno. Mwingine alitaka aonyeshwe kila mstari uliosomwa, na Tusekile akakaa naye kwenye benchi la jikoni akamwonyesha: ugali, kisamvu, ndizi za kupika, paracetamol mbili, ugali.

Mchana wa Jumanne walifika kwa Subilaga. Alikuwa na mimba ya miezi minane, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa, amesimama katikati ya vibarua kumi waliokuwa wanavuna viazi vyake.

"Mnataka niume, nami nina midomo kumi ya kulisha?" alicheka. "Mama Ngwitika, njoo kesho asubuhi. Kesho nitauma mpaka mchoke."

"Ni dakika tano tu, mwanangu."

"Kesho. Sasa hivi hawa wakiniona nimekaa, na wao watakaa."

Aliwajazia viazi kwenye mfuko wa salfeti, akakataa katakata kusikia habari ya kukataa. Tusekile angeweza kusisitiza. Alimtazama mwanamke yule mzima, mashavu yanang'aa kwa baridi, akaona siku moja si kitu.

Jumatano saa tatu asubuhi Subilaga aliletwa hospitalini juu ya mlango uliong'olewa, umebebwa na vibarua walewale. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa na mgonjwa mwingine. Walipomtoa yule na kumweka Subilaga, moyo wake ulikuwa umeshachoka. Mtoto alitolewa kwa kisu, akalia mara moja tu, kisha akanyamaza.

Tusekile alimkuta mumewe, Gwakisa, kwenye ngazi za nje, bado amevaa mabuti ya shambani. Alikaa kando yake. Hakutafuta maneno ya kuzungukazunguka.

"Baba, Subilaga ameondoka. Na mtoto pia."

Gwakisa alitazama mabuti yake.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Hatujui."

"Hamjui," Gwakisa alisema. Hakusema kwa hasira. Alilirudia tena kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni. "Hamjui."

* * *

Aliporudi ofisini, Mganga Mkuu hakuwepo, lakini kioo kilikuwa kimeachwa wazi juu ya meza. Alama ya kushoto ilikuwa inawaka.

Tusekile alisimama mbele yake. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Aliinua mkono, akaona dole lake limefika sentimita chache juu ya kioo, na kwa kweli hakuona tena sababu ya kulizuia. Ahadi ni nini mbele ya mtoto aliyelia mara moja? Watu wangemlaani. Wangeng'oa magego. Meno yangeng'oka na wanawake wangeishi.

Kilichomzuia hakikuwa ahadi. Lilikuwa swali dogo la kikazi: nikishafungua, nitatafuta nini? Mtambo ulikuwa unalinganisha vyakula kwa majina. Kama wagonjwa kumi na tisa na wazima mia moja na kumi na mbili waliokwisha kuuma hawakutofautiana kwa jina lolote, basi kufungua elfu arobaini kungemletea chai nyingi zaidi.

Aliushusha mkono, akavuta kiti, akaanza upya na alichokuwa nacho.

Gego hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuonja: kila kitu kinachopita hulinganishwa na orodha ya vyakula na dawa elfu tisa, kikapewa jina. Ya pili ni kuhesabu mitafuno, kwa sababu watengenezaji walitaka kujua jino litadumu miaka mingapi. Hesabu ya mitafuno hakuna aliyewahi kuitazama. Tusekile aliitazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama.

Mgonjwa wa kwanza, anaitwa Atuganile, siku moja ya wiki iliyopita: mitafuno elfu mbili mia moja na arobaini. Alijumlisha mitafuno ya kila chakula chenye jina siku hiyo. Elfu moja mia sita na tisini.

Alijumlisha tena. Mitafuno mia nne na hamsini haikuwa na chakula.

Akaenda kwa mgonjwa wa pili, wa tatu, wa tisa. Wote walikuwa wametafuna kitu ambacho gego halikukitaja. Akafungua wazima. Karibu wote nao walikuwa na mitafuno isiyo na jina.

Alikaa akiitazama ile namba, kisha akainuka, akaenda wodini akiwa karibu anakimbia.

* * *

Atuganile alikuwa ameamka siku hiyo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi wa kushona, mimba ya miezi sita bado iko salama. Mama Ngwitika alikuwa anamkanda miguu.

"Dada, nina swali la kijinga," Tusekile alisema. "Unatafuna nini siku nzima ambacho si chakula?"

Atuganile na Mama Ngwitika walitazamana. Kisha mkunga yule, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, akacheka kidogo kwa huzuni.

"Mwanangu, wewe hujawahi kubeba mimba. Anatafuna udongo. Wote wanatafuna udongo. Mimi nilitafuna kwa watoto sita."

Ulikuwa ule udongo wa sokoni, uliochongwa vipande virefu kama vidole na kukaushwa kwa moshi, unaouzwa kando ya tangawizi na ndimu. Tusekile alikuwa ameuona tangu utotoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza wanakula nini. Udongo si chakula." Mama Ngwitika aliacha kukanda. Uso wake ulibadilika taratibu. "Lakini kila mjamzito anatafuna, hata wazima. Mimi mwenyewe nimewaletea hawa humu wodini, wanapokosa hamu."

Akaitazama mikono yake.

"Gego halikitupi kabisa kisicho na jina," Tusekile alisema. "Linakiandika kuwa si chakula, linakiweka pembeni kwa miezi sita kabla ya kukifuta. Ladha yenyewe imo. Nikiisoma nitajua kama udongo wenu na udongo wa wazima ni mmoja au ni miwili." Akamgeukia Atuganile. "Lakini itabidi uume tena, uume kwa muda mrefu zaidi. Na huko pembeni kuna kila kitu. Sitaweza kufungua udongo peke yake."

Binti yule aligeuza uso ukutani.

"Mama Ngwitika, tafadhali tupishe kidogo."

Mkunga alipotoka, Atuganile alizungumza na ukuta. "Miezi sita?"

"Ndiyo."

"Kuna majani nilitafuna. Mwanzoni kabisa. Nilikuwa sitaki... Aliyenipa mimba alikuwa amenikana, nikaenda kwa mtu akanipa majani. Niliyatafuna siku mbili, siku ya tatu nikashindwa, nikayatema." Alishika tumbo lake. "Huyu hajui. Mama yangu hajui. Ukifungua utayaona."

"Nitayaona."

"Na Daktari?"

"Hapana. Nitatoa mistari ya udongo tu, mingine nitaifuta mbele yako. Na ukisema hapana, nitakwenda kitanda kinachofuata. Sitakulaumu."

Atuganile aligeuka kutoka ukutani. Kitanda cha pembeni, mwanamke alikuwa anakoroma kwa dawa. Kitanda cha tatu kilikuwa kimeondolewa godoro.

"Aliyekuwa amelala pale ni yule aliyeletwa juu ya mlango?"

"Ni yeye."

"Lete," alisema, akafungua kinywa.

Aliuma dakika tatu, machozi yakimtiririka hadi masikioni. Tusekile alisoma, akachukua alichokihitaji, akageuza kioo ili binti aone mistari mingine ikifutika mmoja baada ya mwingine. Kisha akaenda kitanda cha pili, na cha nne.

Kazi ile iliendelea jioni nzima na asubuhi ya Alhamisi. Wagonjwa kumi na saba waliuma tena. Kati ya wazima, arobaini walikubali, wengine wakija wenyewe hospitalini baada ya Mama Ngwitika kuwapelekea habari. Mchana majibu yalikuwa mezani. Wagonjwa wote kumi na saba walitafuna udongo wenye chumvi kali ambayo haikuwa kwenye orodha ya maabara yoyote. Wazima thelathini na mmoja walitafuna udongo usio na chumvi hiyo. Sita hawakutafuna udongo kabisa. Watatu waliobaki walikuwa na ile chumvi, nao walijiona wazima. Waliitwa kutoka mashambani, damu yao ikasafishwa kabla hawajaanguka. Mmoja alilalamika kwamba ameacha maharage jikoni.

* * *

Mama Ngwitika ndiye aliyekwenda sokoni, akarudi na habari. Shimo la zamani la udongo, la mlimani, lilikuwa limeporomoka masika yaliyopita. Mchuuzi wa jumla akatafuta udongo mwingine, mweupe, laini kuliko wa kwanza, bondeni nyuma ya uwanja ambako zamani walikuwa wanavunja betri za magari ya umeme. Uwanja ule ulifungwa kabla mchuuzi hajazaliwa. Majani yalikuwa yameota juu yake. Palionekana mahali pazuri tu. Wauzaji wa rejareja walichanganya wa zamani na mpya wasijue, na mteja alipata alichopata.

Dk. Mwaijande alisikiliza mpaka mwisho. Alimshika Tusekile mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akasogeza kioo.

"Sasa weka dole."

"Kwa nini? Tumeshajua."

"Tumejua ni nini. Hatujui wako wapi. Kliniki ina majina ya wajawazito mia tatu na kumi. Mtambo unakadiria mji una zaidi ya mia tano. Wapo karibu mia mbili wanaojificha. Wanafunzi. Wajane. Wake ambao waume zao wako mbali mwaka wa pili. Wanatafuna sumu chumbani, na magego yao yanawajua kwa majina. Siombi tena kutafuta jibu, Tusekile. Naomba kuwafikia."

Alikuwa na haki, na Tusekile alilijua hilo. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na swali la kikazi la kujificha nyuma yake.

"Ukimtuma nesi abishe hodi kwa msichana wa shule, mama yake atafungua mlango," alisema. "Umemwokoa leo. Kesho wenzake watang'oa magego na hawatakuja kwako hata wakivuja damu."

"Watakuwa hai."

"Wengine. Daktari, wiki nzima tumekuwa tunawadai watu watupe wanachokijua. Sasa sisi ndio tunaojua. Tuwape. Tuuambie mji mzima, siyo wajawazito peke yao. Waambiwe wanaume, watoto, wazee. Aliyejificha atasikia kama wengine, wala hatalazimika kujitaja."

"Na asiposikia?"

"Ataambiwa na jirani asiyejua kwamba anamwambia yeye."

Mganga Mkuu alitembea hadi dirishani na kurudi. "Mpaka kesho saa hizi. Ikishindikana, naandika barua ya kukuondoa, na dole lingine litawekwa hapo."

"Andika kabisa," Tusekile alisema. "Iwe tayari."

Siku ile Isyeto ilisikia neno udongo kuliko ilivyowahi kulisikia. Redio ya wilaya ililitangaza kila robo saa, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Msikitini lilisemwa, kwenye mazoezi ya kwaya lilisemwa, kipaza sauti cha mnada wa ng'ombe kikalisema. Wanafunzi walitumwa nyumbani na sentensi tatu: usitafune udongo mweupe, kama umetafuna njoo hospitali mlango wa nyuma, hutaulizwa jina. Wanawake waliokuwa wameuma kisahani walipewa kazi moja kila mmoja, kuwaambia wengine watatu. Mwenye duka la mbolea aliwaambia wateja wake wote, hata waliokuja kununua dawa ya panya.

Ijumaa asubuhi, kwenye ukuta wa nyuma wa hospitali palikuwa na rundo la vipande vya udongo, vingine ndani ya makopo, vingine vimefungwa kwenye leso. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, baadhi wamejifunika kanga hadi puani. Mama Ngwitika aliwapokea mmoja mmoja, akawapa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, asimtazame yeyote usoni kwa muda mrefu. Mashine tatu za kusafisha damu zilikuwa zimeazimwa kutoka hospitali za jirani. Kufika adhuhuri namba ilikuwa themanini na nne.

Dk. Mwaijande alisimama kwenye kona akiitazama ile foleni. Kisha akapanda ofisini, akaondoa dole lake.

* * *

Jumamosi wananchi waliitwa uwanja wa mpira. Tusekile alipewa nafasi ya kueleza, akaeleza yote, hata lililokuwa linamchoma.

"Jumatatu niliombwa nifungue magego yenu yote. Nilikataa. Jumatano Subilaga alifariki. Kama ningefungua, pengine tungeujua udongo mapema, pengine tusingeujua. Sijui, na sitajua. Nimekuja kuwaambia mimi mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine."

Katikati ya watu mtu alisimama. Alikuwa Gwakisa, kichwa amenyoa kwa ajili ya msiba.

"Dada, naomba kusema."

Alikuja mbele. Mama mmoja alianza kulia kabla hajafungua mdomo.

"Ule udongo nilimnunulia mimi," Gwakisa alisema. "Kila Jumamosi nikitoka sokoni nilimletea. Alikuwa anaona aibu kuununua mwenyewe, anasema watu watamcheka mtu mzima anakula ukuta. Mwezi uliopita aliniambia huu mpya una uchungu, ulimi unamwasha. Nikamwambia utauzoea." Akamgeukia Tusekile. "Mlikwenda kuuliza magego. Hamkuniuliza mimi. Lakini na mimi nilikaa kwenye zile ngazi za hospitali, nikasema tu, hamjui. Nami nilikuwa najua."

Tusekile alitaka kumfuata akamshika bega, lakini Gwakisa aliinua mkono.

"Huyo mchuuzi, nimekwenda kumwona. Hakunificha. Lori lake lilipeleka udongo huohuo sehemu nyingine tatu. Itulo, Mpalasi, na Kyela Ndogo kule mgongoni mwa mlima. Huko juu hakuna magego. Hayakufika kabisa. Nani anakwenda kuwaambia?"

"Tumetuma ujumbe," Mganga Mkuu alisema kutoka jukwaani.

"Huko simu hushika mtu akipanda juu ya paa," Gwakisa alijibu. "Mimi naijua njia."

Waliondoka saa hiyohiyo, Tusekile, Gwakisa na Mama Ngwitika, kwa gari la hospitali, na walipofika mahali ambapo gari halipandi, wakatembea. Nyumba ya kwanza ya Kyela Ndogo ilikuwa ya mbao, na kuku mmoja alikuwa amelala mlangoni. Tusekile aligonga. Mwanamke mwenye tumbo kubwa alifungua nusu ya mlango, akawatazama watu watatu wenye matope hadi magotini.

Tusekile alifungua mdomo aanze kueleza, kisha akasogea pembeni.

"Salamu zitasubiri leo, mama," Gwakisa alisema. "Mimi naitwa Gwakisa, natoka Isyeto. Wiki hii nimemzika mke wangu, mimba ya miezi minane. Nilikuwa namnunulia udongo mweupe, nami sikujua kwamba una sumu. Je, hapa kwenu umefika?"

Mwanamke yule aliachia mlango. Aliingia ndani, wakasikia kabati linafunguliwa. Akarudi na kopo la bati, akalitoa nje kwa mkono ulionyooka kabisa, mbali na mwili wake. Mama Ngwitika alilipokea.

Mwanamke yule alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, anafunga kanga kiunoni.

"Njooni upesi," alisema. "Wifi yangu anao gunia zima."